Sura ya 4: Kwa Nini Rashidi Anajiita Lashidi?

Swali hili huulizwa kliniki, huulizwa kwenye kikao cha wazazi wa chekechea, na huulizwa zaidi kibarazani kwa jirani: mtoto ana miaka minne, anaongea kutwa kucha, lakini r haimtoki. Tuseme anaitwa Rashidi. Mtaa mzima unamwita mama yake Mama Rashidi, mwenye duka ameandika Rashidi kwenye daftari la mkopo, na mtu pekee anayeshindwa kulitamka jina hilo ni mwenye jina. Akiulizwa anaitwa nani, anajibu kwa kujiamini kabisa, "Lashidi." Gari kwake ni gali, barabara ni balabala, na kupiga kura ni kupiga kula. Bibi yake anasema ana ulimi mzito. Mjomba anasema anadekezwa. Jirani anashauri akaangaliwe kimeo. Mama Rashidi anabaki na maneno ya watu watatu na hajui ashike lipi.

Jibu fupi ni kwamba kwa umri huo, mara nyingi sana, mtoto hana kasoro yoyote. Lakini "ataacha tu" ni maneno ambayo mzazi ameshaambiwa mara kumi na hayajamtuliza, kwa sababu hayamwelezi chochote. Anataka kujua kwa nini l imekubali na r imekataa, na kwa nini mtoto yuleyule anayesema "balabala" hababaiki hata kidogo kwenye "mama" au "ndugu". Hoja ya sura hii ni moja: mtoto hakosei ovyo. Kosa lake lina utaratibu, na ukiufuatilia utaratibu huo utagundua ugumu ulipo hasa. Ukishagundua, utaona pia kwamba mengi tunayoyafanya nyumbani ili kumnyoosha ulimi hayagusi mahali hapo kabisa.

Masikio yametangulia

Dhana ya kwanza inayomjia mtu ni kwamba mtoto haisikii r. Dhana hiyo ni rahisi kuipima. Mwite makusudi: "Lashidi, njoo ule." Huenda akakunja uso na kukurekebisha: "Siyo Lashidi! Lashidi!" Rudia vilevile, naye atakataa kwa hasira zaidi, mpaka utakaposema Rashidi sawasawa. Hapo ndipo ataridhika: "Eeh, Lashidi." Mwaka 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jean Berko na Roger Brown, walieleza kisa cha namna hiyo. Mtoto alikuwa na samaki wa plastiki, na kwa Kiingereza samaki ni fish, lakini yeye alimwita fis. Mtu mzima alipomuuliza kama ile ilikuwa fis yake, alikana. Alipotajiwa fish alikubali, na katika kukubali kwenyewe akatamka fis. Kisa hiki kidogo kina uzito mkubwa. Kinaonyesha kwamba kichwani mwa mtoto neno limehifadhiwa na sauti zake halisi, na kwamba anayapima matamshi yako kwa kipimo ambacho mdomo wake mwenyewe haujakifikia.

Kwa watoto wachanga ushahidi unashangaza zaidi. Utamuulizaje mtoto wa miezi michache kama anasikia tofauti kati ya ba na pa? Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake walitumia chuchu ya bandia iliyounganishwa na mashine. Mtoto akinyonya, spika inatoa sauti. Sauti moja ikirudiwa sana anaizoea na kunyonya kunalegea. Ikibadilishwa, anaanza kunyonya upya kwa nguvu kama aliyeshtuliwa. Watoto wa mwezi mmoja na wa miezi minne walishtuka ba ilipogeuka pa. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, wakifanya kazi Kanada, waliongeza jambo la pili. Watoto wa miezi sita hadi minane waliolelewa kwa Kiingereza walitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao walishindwa kuzitenganisha. Kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili, watoto wa nyumba zilezile walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Sikio la mtoto huanza wazi kwa lugha zote, kisha hujifunga taratibu kwenye lugha ya nyumbani, na hufanya hivyo kabla mwenyewe hajatimiza mwaka.

Hapo tunapata jibu la pingamizi ambalo msomaji wa Afrika Mashariki lazima alitoe. Kama masikio ya watoto ni makali hivyo, mbona kuna watu wazima, wasomi, wenye Kiswahili safi cha kuandika, wanaosema "kurara" na "habali"? Patricia Kuhl na wenzake walilinganisha watoto wa Japani na wa Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Kijapani hakitenganishi r na l kama Kiingereza kinavyofanya. Katika miezi sita hadi minane watoto wa nchi zote mbili walisikia tofauti hiyo kwa kiwango kinacholingana. Miezi michache baadaye wa Marekani walikuwa wamepanda na wa Japani wameshuka. Huku kwetu hali ni hiyohiyo. Lugha nyingi za Kibantu zina sauti moja tu pale ambapo Kiswahili kina mbili. Kikuyu kina r na hakina l. Katika Luganda r na l ni sura mbili za sauti moja: baada ya i na e hutamkwa r, kwingineko hutamkwa l, na mzungumzaji hahitaji hata kufikiri. Mjaluo naye husema "samba" badala ya shamba kwa sababu Kijaluo hakina sh. Mtu aliyelelewa hivyo kisha akajifunza Kiswahili shuleni hana ugonjwa wa matamshi. Ana lafudhi, na lafudhi ni alama ya mahali sikio lake lilipojifungia. Anayemcheka angejaribu kwanza kusikia tofauti ambayo watu wa Mombasa huifanya kati ya paa la nyumba na paa wa porini, ambaye p yake hutoka na pumzi. Wabara wengi hawaisikii hata wakiambiwa.

Kwa ufupi: katika nyumba inayotenganisha r na l, mtoto wa miaka minne anayesema "gali" kwa kawaida ameshaisikia r siku nyingi. Tatizo tulitafute kwingine.

Kazi ya upepo

Wataalamu wa fonetiki, yaani elimu ya jinsi sauti za lugha zinavyoundwa, huiita r kimadende, kwa sababu ncha ya ulimi hutetemeka, ikigonga ufizi wa juu na kuachia, kugonga na kuachia. Tamka "rrr" ndefu ya mtu anayeigiza mashine. Ulimi wako unagonga ufizi mara ishirini na tano hivi kwa sekunde. Sasa jaribu kuupeleka mwenyewe kwa kasi hiyo, ukiuamuru kila pigo. Huwezi, na hakuna awezaye. Pigo la kimadende halitoki kwenye msuli. Linatoka kwenye pumzi. Kingo za ulimi hubana magego ya juu, ncha huinuliwa karibu na ufizi na kuachwa imelegea kiasi, kisha hewa ya mapafu husukumwa katika mwanya huo. Hewa ndiyo inayoitikisa ncha, kama upepo unavyotikisa bendera. Ulimi ukikazwa mno, unakuwa kama ubao na upepo unapita tu. Ukilegezwa mno, unalala. Ukiwa mbali na ufizi kwa nafasi ndogo tu, hakuna kinachotokea.

Ulimi hauna mfupa, wazee walikwisha kusema. Una misuli minane, kila mmoja na mwelekeo wake, na kuutamka mtetemo huu ni kuikaza baadhi na kuilegeza mingine wakati uleule. Ugumu wenyewe ndio huo. Mtoto hakosi nguvu, kwani ulimi uleule unageuza muwa kinywani na kulamba sahani ya uji. Anachokosa ni mizani: kiasi gani cha kukaza, wapi, kwa muda gani, na pumzi iingie saa ngapi. Tena lazima mizani hiyo ipatikane katikati ya neno linalokwenda mbio, kama gari, a ikiwa imetangulia na i inasubiri. L, kwa upande wake, haihitaji hayo. Ncha hugusa ufizi na kutulia, hewa ikipita pembeni, na ndiyo maana sauti hiyo huitwa kitambaza. Mahali ni palepale, umbo linakaribiana, kazi ni nusu. Rashidi anayechagua l amechagua jirani wa karibu zaidi wa r aliyeko ndani ya uwezo wake. Ni uchaguzi wa busara, japo hajaufanya kwa kufikiri.

Angalia pia watoto wanavyoigiza bodaboda. Wengi hawatumii ulimi. Hutumia midomo, "brrr", mate yakiruka. Fizikia ni ileile ya upepo na bendera, ila midomo ni minene, iko mbele, na makosa yake ni rahisi kuyarekebisha. Mtoto huijua kanuni ya mtetemo kabla ulimi haujaikubali.

Haya yanatosha kumjibu jirani wa kimeo. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. R ya Kiswahili huundwa mbele, nyuma kidogo ya meno. Kukata cha nyuma ili kuponya cha mbele ni sawa na kuziba tundu la paa kwa kuchimba msingi, na visu vya kukatia vimekwisha kuwaachia watoto damu isiyokata na maambukizi. Uzi mwembamba ulio chini ya ulimi ni habari nyingine kidogo. Ukiwa mfupi mno unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na hilo huamuliwa na daktari. Lakini ushahidi kwamba kuukata kunafundisha mtu kutamka ni dhaifu, na mtoto anayeweza kutoa ulimi na kulamba mdomo wa juu amekwisha kuonyesha kwamba ulimi wake haukufungwa.

Kosa lenye kanuni

Mjomba aliyesema mtoto anadeka alikuwa na hoja yake: mbona sauti nyingine anaziweza? Naam, na hapo ndipo utaratibu unapoonekana. Mtu mvivu hukosea popote. Mtoto hukosea mahali palepale, kwa njia ileile, neno baada ya neno. Akisema "gali" atasema pia "bahali" na "habali", na mahari na mahali zitakuwa neno moja kwake. Ukiandika maneno ya mtoto wa miaka miwili na nusu kwa wiki moja tu, kanuni zake zitajitokeza zenyewe, na mara nyingi zitakuwa kati ya hizi:

- Sauti ya nyuma ya kinywa huletwa mbele: kuku anakuwa "tutu", gari linakuwa "dali".
- Kikwamizi hugeuzwa kipasuo: samaki anakuwa "tamaki". Vikwamizi ni sauti kama s, f na sh, ambazo hewa hujipenyeza kwa shida kwenye mwanya mwembamba. Vipasuo ni kama t, p na k, ambazo hewa huzuiwa kabisa kisha huachiliwa. Kufunga mlango kabisa ni rahisi kuliko kuuacha wazi kwa upana wa unywele.
- Sauti zilizoungana hupunguzwa: ndizi inakuwa "didi", mbuzi "buzi".
- Silabi iliyo nje ya mkazo huangushwa: mtoto ni "toto", kiatu ni "atu", chakula ni "kula". Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto hushika hapo na kuendelea.

Ushahidi ninaouona kuwa mkali kuliko wote unatoka Uingereza, ambako mwanaisimu Neil Smith alirekodi kwa makini matamshi ya mwanawe na kuyachapisha mwaka 1973. Mtoto alishindwa kutamka neno puddle, yaani dimbwi. Alisema puggle. Mtu angehitimisha kwamba sauti za katikati ya neno hilo zimemshinda ulimi. Lakini mtoto huyohuyo, alipotaka kusema puzzle, yaani fumbo, alisema puddle, waziwazi, bila kukwama! Neno lililomshinda lilitoka kinywani mwake pale alipokuwa anatafuta jingine. Kama ingekuwa ni ulimi tu, jambo hilo lisingewezekana. Ni kanuni: sauti fulani hugeuzwa kuwa fulani, na fulani hiyo nayo hugeuzwa kuwa nyingine, kila moja ikihamia kiti cha jirani yake.

Tena kuna makosa ambayo ni yetu sisi wasikilizaji. Mwaka 1980 Marlys Macken na David Barton walipima kwa vifaa sauti za watoto wadogo wa Marekani ambao t na d zao zilisikika kwa watu wazima kama kitu kimoja. Vipimo vilionyesha kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa wanazitenganisha, kila mara, kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde ambayo sikio la mtu mzima haliikamati. Huenda basi l ya "Lashidi" si l kamili ya Leila, dada yake. Huenda mtoto amekwisha kuanza safari na sisi tunamwona bado amesimama mlangoni.

Kwa nini mama hutangulia na shangazi hungoja

Orodha ya jamaa wa karibu katika Kiswahili ni maajabu madogo: mama, baba, dada, kaka, babu, bibi. Watu sita wametajwa kwa konsonanti nne tu, m, b, d na k, na irabu tatu, na karibu kila neno ni silabi moja iliyorudiwa. Roman Jakobson, mwanaisimu aliyeandika mwaka 1941 kitabu mashuhuri kuhusu lugha ya watoto, alidai kwamba sauti hujitokeza kwa mpangilio unaofanana duniani kote, zikianza zile zenye tofauti kubwa kabisa, kama kufunga midomo na kuifungua. Baadaye alieleza kwa nini lugha zisizo na undugu wowote zina maneno yanayofanana ya mama na baba: mtoto hubwabwaja, yaani hurudia silabi kama ma-ma na ba-ba bila maana, na wakubwa huzichukua silabi hizo wakazifanya majina yao. Shangazi na mjomba hawakubahatika. Sh na nga na mj huja baadaye, na shangazi huvumilia kuitwa "tatadi" kwa muda.

Hata hivyo Jakobson hakuwa sahihi kote, na kasoro yake inafundisha. Watoto wa jamii ya Wamaya wanaojifunza lugha ya K'iche' huko Guatemala huipata ch mapema, sauti ambayo watoto wa Kiingereza huichelewesha. Vinywa ni vilevile. Kinachotofautiana ni kazi ambayo ch inafanya katika kila lugha: katika K'iche' imejaa kwenye maneno ya kila siku. Kwa hiyo sauti huwa ngumu au rahisi kwa mambo mawili kwa pamoja, mizani inayodaiwa na ulimi, na mara ambazo mtoto anaikuta na kuihitaji. Mtoto wa Kiswahili anazungukwa na ch: chai, choo, chakula, cha nani, chukua. Linganisha na th, dh na gh, sauti zilizoingia na maneno ya Kiarabu. Mtoto wa miaka mitatu ana shughuli gani na thamani, dhana au ghorofa? Theluji hajawahi kuiona, isipokuwa kama dirisha lao linatazama Kilimanjaro. Zaidi ya hayo, wakubwa wengi wanaomzunguka husema "zahabu" kwa dhahabu na "gali" kwa ghali, na katika Kiswahili cha Kongo sauti hizo hazipo kabisa. Mtoto wa Unguja anayesikia adhana mara tano kwa siku, na mwenye kaka aitwaye Ramadhani, ana sababu ya kuishughulikia dh mapema. Wa Lubumbashi hana, na hajakosea kitu.

Kuhusu umri, Sharynne McLeod na Kathryn Crowe wa Australia walichapisha mwaka 2018 muhtasari wa tafiti 64, zenye watoto 26,007 na lugha 27. Walikuta kwamba kufikia miaka mitano watoto walitamka sawasawa sehemu kubwa mno ya konsonanti za lugha zao. Vipasuo na ving'ong'o, yaani sauti kama m na n zinazopitia puani, hutangulia. Vikwamizi na vimadende huburuza miguu. Rashidi wa miaka minne asiye na r yumo ndani ya kundi, nyuma kidogo, lakini ndani.

"Sema r! Sema tena!"

Sasa pingamizi zito kuliko yote. Mzazi asiposahihisha, mtoto atajuaje? Tumekwisha kuona kwamba anajua. Anayemshika kidevu na kumwambia "sema r, sema tena, hapana, tena" anamfundisha kile ambacho tayari anakifahamu, wakati anachokosa ni mizani, na mizani haiji kwa kuamriwa. Hofu huukaza ulimi, na ulimi uliokazwa ndio ule ubao usiotikiswa na upepo. Mazoezi ya kupuliza filimbi au kutoa ulimi nje na kuurudisha yana kasoro hiyohiyo. Yanajenga nguvu, na nguvu haikuwa imepungua. Tafiti zilizoyakagua hazikupata msingi wa kuyaaminia kwa ajili ya matamshi.

Lakini sisemi kwamba mazungumzo ya nyumbani hayana kazi. Yana kazi kubwa kuliko tunavyodhani, ila si ile ya ukaguzi. Mwaka 2003 Kuhl na wenzake waliwaleta watu wanaozungumza Kichina cha Mandarini wacheze na kuwasomea watoto wa Marekani wa miezi tisa, vikao kumi na viwili. Watoto wakajifunza kutenganisha sauti za Kichina. Kundi jingine lilioneshwa watu walewale, vitabu vilevile, kwenye televisheni. Halikujifunza chochote. Mwaka huohuo Michael Goldstein na wenzake walionyesha kwamba mama akijibu mlio wa mtoto papo hapo, kwa tabasamu na kumgusa, mtoto huanza kutoa sauti zinazofanana zaidi na za mazungumzo. Sauti hujengwa katika kujibizana. Simu aliyopewa mtoto ili anyamaze haijibu.

Njia yenyewe haihitaji ufundi. Rashidi anasema, "Mama, gali limeondoka!" Mama anajibu, "Eeh, gari limeondoka. Gari la nani lile?" Hakumkatiza, hakumwambia umekosea, lakini mtoto amesikia r mara mbili, mahali palepale alipoihitaji, mawazo yake yakiwa bado kwenye gari. Kwa mkubwa kidogo, wa miaka mitano au sita anayeitaka mwenyewe, ipo ngazi inayotumiwa na wataalamu: kuanza na d nyepesi inayorudiwa haraka, da-da-da, mpaka pigo moja linalegea na kuteleza kuwa r. Vitanza ndimi navyo, kama kile cha watu wa Liwale na wali wao, vina faida moja iliyo wazi: humo hata baba hukwama, na mtoto hugundua kwamba kukwama si aibu.

Wakati wa kwenda hospitali

Kusema kwamba makosa mengi ni ya kawaida si kusema yote ni ya kawaida. Utaratibu uleule tuliouona ndio unaotuonyesha lililo nje yake. Wataalamu hutumia kipimo cha haraka: mtoto wa miaka mitatu, mgeni asiyemzoea amwelewe sehemu kubwa ya anayosema, wa miaka minne, karibu yote, hata kama r na th bado. Mpeleke akapimwe ukiona:

- hajaanza kubwabwaja silabi kama ba-ba au da-da anapokaribia mwaka mmoja;
- irabu zenyewe, a e i o u, zinayumba baada ya miaka mitatu;
- makosa hayana kanuni, neno moja leo hivi, kesho vile, keshokutwa namna nyingine;
- hewa inatokea puani anaposema p au s, jambo linaloweza kuashiria kaakaa lenye tundu;
- sauti alizokuwa nazo zimepotea;
- masikio yanatoa usaha mara kwa mara, au anageuka tu anapomwona anayemwita.

Hili la mwisho ningeliweka la kwanza kama orodha ingekuwa ya uzito. Kimbrough Oller na Rebecca Eilers walionyesha mwaka 1988 kwamba watoto viziwi huchelewa kubwabwaja silabi kamili, wakati wenzao wanaosikia huanza kati ya miezi sita na kumi. Yote tuliyosema kuhusu kipimo cha kichwani yanategemea sikio lililokijaza. Kwa hiyo kipimo cha usikivu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo huja kabla ya maswali ya ulimi. Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha bado ni wachache katika ukanda wetu, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Kupima sikio ni hatua ambayo mzazi anaweza kuifikia hata kabla ya kumpata mmoja wao.

R inapofika

Kwa kawaida haiji kwa sherehe. Mara nyingi hutokea kwanza mchezoni, mtoto akiwa peke yake, kisha kwenye neno moja analolipenda, kisha mawili. Wengine huwa na kipindi ambacho r hutoka asubuhi na kukataa jioni wakichoka. Halafu baadhi yao hufanya jambo linalomtisha mzazi kuliko kosa la mwanzo: r inafurika. Mtoto aliyeishi na l tupu miaka minne ghafla anasema "kurara" na "mwarimu", na kisiwa cha Lamu kinakuwa Ramu. Inaonekana kama hata alichokijua amekiharibu. Kumbe amepata chombo kipya na anakitumia kila mahali penye kufanana nacho, na sasa inambidi apite neno kwa neno akigawa upya: hili la r, hili la l. Kazi hiyo ni ya kumbukumbu, si ya ulimi tena, na huchukua wiki au miezi. Katika muda huo mwenye duka anapomuuliza jina lake, anajibu "Rashidi", r ikitetemeka kupita kiasi, na akiulizwa huyo aliyemshika mkono ni nani, anasema ni dada yake, Reira.